Mesodemu "inakua" au "inakuwa" misuli?

SWALI: Nafundisha baiolojia Kirumba, Mwanza. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, ila wanafunzi wakikwama nawafafanulia kwa Kiswahili. Juzi, nikieleza mesodemu, yaani tabaka la kati la seli za kiinitete (kiumbe kinachoanza kuumbika), niliandika ubaoni: "Mesodemu ya kiinitete inakua misuli." Mwalimu wa Kiswahili alipoingia akachomeka "w" kwa chaki nyekundu: "inakuwa". Mbona masikioni ni neno lilelile?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, Mwalimu, na masikio hayatakusaidia hapa. Jaribu kiambishi hu-. Kitenzi -kua ni kuongezeka kimo au ukubwa: mtoto hukua. Kitenzi -wa ni kifupi mno, hakisimami bila kushikwa mkono na ku-: anakuwa. Mbele ya hu-, ku- hiyo huanguka: huwa. Sasa sema "seli hizi hukua misuli". Imekwama, sivyo? "Huwa misuli" inapita, ingawa mimi ningeandika "misuli hutokana na mesodemu" nikapumzika.

Hata hivyo usiitupe -kua, maana kiinitete kinavihitaji vitenzi vyote viwili. Tabaka hili la kati (usiseme "ngozi ya kati", hata kama ndiyo maana ya maneno ya Kigiriki yaliyozaa jina lake) kwanza linakua: seli zinagawanyika na kuongezeka. Kisha sehemu yake iliyo kandokando ya mahali utakapokaa uti wa mgongo inakatika kuwa vibonge, jozi baada ya jozi, kuanzia upande wa kichwani kwenda mkiani. Hivyo ndivyo vinavyokuwa pingili za mgongo na misuli inayoshikana na mifupa. Sehemu inayofuata, pembeni kidogo, inakuwa figo. Ya mbali zaidi inakuwa moyo na mishipa ya damu. Mtu akisema moyo "umekua", anazungumzia ukubwa wake. Akisema seli "zimekuwa" moyo, anasimulia zilivyoacha kuwa kitu kingine.

Alama ya vibonge hivyo unaweza kuishika kwa mkono. Nunua samaki aina ya sato pale sokoni Mwaloni, mchune ngozi. Ubavuni utaona mistari myembamba myeupe inayotenga mnofu na mnofu. Akishaiva, mbonyeze kwa kidole gumba: nyama inabanduka kwa kufuata mistari hiyohiyo, kipande kwa kipande, na kila kipande asili yake ni kibonge kimoja cha mesodemu. Itazame vizuri ile mistari kabla hujamtia sufuriani. Imejikunja mfano wa W iliyolazwa ubavu, na hiyo hakuna aliyeichomeka kwa chaki.