Benz 240D ya mzee au Hilux Revo: jibu kwa mleta mada anayelima Simanjiro

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ununue Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1982 inayouzwa na mzee mmoja wa Moshi, au ukope upate Hilux Revo iliyotumika, ukizingatia kwamba unaishi Arusha na shamba lako la maharage liko Simanjiro. Benz ya aina hiyo niliachiwa na baba mkwe, na kazi za shamba nazifanya kwa Hilux ya lita 2.4.

Kwa starehe, Benz inashinda kwa mbali. Ina springi za koili magurudumu yote manne, na kila gurudumu la nyuma linajitegemea, kwa hiyo rasta za barabara ya Moshi unazisikia zaidi ya kuzihisi. Hilux ina springi za mabamba nyuma kwa sababu imeundwa kubeba takribani tani moja. Ikiwa tupu inarukaruka kiasi kwamba mama mkwe hakubali kukaa nyuma, lakini ukiipakia magunia inatulia. Kupita malori yaendayo Holili ni habari nyingine: 240D ina nguvu za farasi 72 tu, Hilux ina 150, na tofauti hiyo utaihesabu kila unapotaka kutoka upande wako.

Wengi husema gari la zamani ni rahisi kutengeneza kwa kuwa halina kompyuta. Ni kweli nusu. Injini ya 240D huzimwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa kupitia mirija, na milango hufungwa kwa vakyumu hiyohiyo. Mpira mdogo ndani ya kitasa cha mlango wa nyuma ulipopasuka, nilitoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, nikalazimika kufungua boneti na kubonyeza wenzo ulioandikwa STOP. Fundi wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, aliupata ubovu kwa kuziba mirija mmoja baada ya mwingine, kazi ya nusu siku, na mpira wenyewe ukasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Mafundi wa namna hiyo wanazeeka.

Hilux nayo ina udhaifu wake. Nozeli zake, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye injini, hufanya kazi kwa mgandamizo unaoweza kupita baa 2,000, na maji kidogo kwenye dizeli yanatosha kuziua, wakati pampu ya Benz huvumilia mengi. Jaza kwenye kituo unachokiamini na umwage maji ya chujio mapema. Spea zake, hata hivyo, hazikupi shida.

Kwako wewe, chukua pikapu, maana Benz iko chini, inasukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, na masika ya Simanjiro hayataiacha ifike shambani. Ukibakiwa na fedha na mzee hajauza, nenda na bisibisi, inua mazulia, uchokoe pale jeki inapowekwa na chini ya betri. Bisibisi ikizama kwenye kutu, mshukuru mzee urudi nyumbani.