Maswali ya Wasomaji: Nyambizi ya Rimoti Inayokataa Amri Ikishazama

SWALI: Mhariri, mjomba wangu anayefanya kazi Ujerumani aliniletea seti ya kuunganisha modeli ya nyambizi ya Vita vya Pili vya Dunia, aina ya VIIC, pamoja na silinda ya kuhifadhia mota, betri na tangi la kuzamia. Nimeiunganisha kwa kufuata maelezo na kuijaribu katika bwawa la kuogelea hapa mjini. Ikiwa juu ya maji inatii rimoti vizuri, lakini ikizama kidogo tu inaacha kutii, na ikiibuka inakuwa imelalia ubavu. Rimoti ni mpya, ya megahezi 2400. Wenzangu wanasema ni mbovu na kwamba ninunue nyingine ya aina hiyo hiyo. Nifanyeje?
*Msomaji, Migosi, Kisumu*

JIBU: Ndugu msomaji, zihifadhi fedha zako, kwa maana rimoti yako ni nzima na utakayonunua ya aina hiyo itakuwa na kasoro ile ile. Masafa ya megahezi 2400 yanakaribiana sana na yale ya tanuri ya mikrowevu, ambayo hupasha chakula moto kwa sababu maji yaliyomo ndani ya chakula huinyonya nguvu ya mawimbi hayo. Hivyo ndivyo inavyotokea bwawani: mawimbi yakishaingia majini hudhoofika kwa kila sentimita, na kabla hayajafika kina cha mkono, kipokezi kilichomo ndani ya silinda hakisikii chochote. Magari na ndege za modeli hazina shida hii kwa kuwa haziendi chini ya maji, na ndiyo maana wauzaji wengi hawaoni haja ya kumwonya mnunuzi.

Masafa ya chini hupenya maji vizuri zaidi. Waundaji wa nyambizi za modeli kule Ulaya wameendelea kuzitunza rimoti za megahezi 40, na wale wa Marekani za megahezi 75, kwa sababu katika maji matamu mawimbi hayo hufika mita kadhaa chini. Ukiamua kuagiza rimoti ya namna hiyo, waulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambao ndio wasimamizi wa masafa nchini, ili usije ukazuiliwa mzigo wako au ukaingilia mawasiliano ya watu wengine. Fahamu pia kwamba maji ya bwawa lenye dawa na chumvi hupitisha umeme kuliko maji ya Ziwa Viktoria, na kadiri maji yanavyopitisha umeme ndivyo yanavyoyazuia mawimbi ya redio. Usishangae basi ukiona kwamba rimoti ya megahezi 40 inafika mbali zaidi ziwani kuliko bwawani.

Ipo njia nyingine ambayo haikudai rimoti mpya, nami ningeianza hiyo. Toa antena ya kipokezi nje ya silinda kwa waya maalumu wa antena, ule wenye waya mmoja katikati na wavu wa chuma pembeni, kisha uifunge ncha yake kwenye kiboya kidogo kitakachoburutwa juu ya maji nyuma ya nyambizi. Mradi kiboya kinaelea, amri zitafika. Mahali waya unapotoka kwenye silinda pazibwe kwa gundi ya epoksi, na waya wenyewe uwe mfupi usije ukajizungusha kwenye propela. Vilevile, weka kipokezi chako katika hali ya tahadhari, kwa maana ya kwamba mawasiliano yakikatika kitoe amri ya kusimamisha mota na kumwaga maji ya tangi. Vipokezi vingi vya kisasa vina uwezo huo, ila mtumiaji ndiye hupaswa kuuweka kabla ya safari ya kwanza.

Sasa nije kwenye kulalia ubavu, jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko hilo la rimoti. Nyambizi halisi ya aina ya VIIC ilikuwa na urefu wa mita 67.1 na upana wa mita 6.2 tu, kwa hiyo modeli ya kipimo cha 1 kwa 72 huwa na urefu wa sentimita 93 na upana usiofika sentimita 9. Umbo jembamba hivyo halina msaada wa upana. Kinachoisimamisha ni uzito uliokaa chini na nguvu ya kuelea iliyokaa juu yake. Fungua gamba uangalie betri imelala wapi. Ikiwa imewekwa juu ya mota au katikati ya silinda, ishushe hadi sakafuni, kisha upange vipande vya risasi kwenye mkuku kuanzia mbele hadi nyuma. Chubwi za wavuvi zinafaa sana kwa kazi hii, tena zinapatikana kwa urahisi karibu na ufuo. Foamu nyepesi ibandikwe ndani ya gamba sawa na mstari ambapo maji yanafika modeli ikiwa inaelea, isibandikwe chini, kwa sababu foamu ya chini hutaka kupanda juu na kuipindua nyambizi nzima. Hakikisha pia kwamba sitaha ina matundu ya kutosha, kwani hewa iliyonaswa upande mmoja wa gamba hutosha kuilaza modeli hata kama vingine vyote vimepangwa sawasawa.

Usisawazishe kwa kukisia. Jaza maji kwenye pipa refu au bafu, weka modeli ikiwa na betri yake na tangi likiwa tupu, kisha uongeze au upunguze risasi na foamu hadi ielee sawa na mchoro wake, pua na mkia vikiwa katika usawa mmoja. Baada ya hapo, panga vipande vya risasi juu ya sitaha hadi kibaki kichwa cha mnara peke yake juu ya maji. Vitoe uvipime kwenye mizani. Risasi ikiwa ndani ya maji hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 11 ya uzito wake, hivyo ukipata gramu 330, nguvu iliyoizamisha modeli ni kama gramu 300, na tangi lako linahitaji kubeba mililita 300 za maji. Likiwa dogo kuliko hapo, modeli haitazama ikiwa imesimama. Likiwa kubwa mno, itaporomoka hadi chini. Mimi hupendelea modeli ibaki na nguvu kidogo ya kuelea, gramu 20 au 30, ili izamishwe na mapezi yake ikiwa mwendoni na ipande yenyewe pindi mota inaposimama. Betri ikikwisha katikati ya bwawa, utaushukuru uamuzi huo.

Ukiridhika na bwawa, najua utatamani kwenda ziwani. Ghuba ya Winam ina maji ya tope, na modeli ya rangi ya kijivu hupotea machoni ikishafunikwa tu, kwa hiyo paka sehemu ya juu ya mnara rangi ya machungwa hata kama nyambizi halisi haikuwa nayo. Magugu maji nayo hujisokota kwenye propela kwa haraka. La muhimu kuliko yote, usiingie majini kuifuata modeli iliyokwama, iwe Dunga au pengine popote: viboko wapo, na kichocho kipo. Mlipe mvuvi mwenye mtumbwi aende akakuchukulie.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo Nakuru. Je, ninaweza kuijaribu nyambizi yangu ya rimoti katika Ziwa Nakuru? Na nikienda nayo Mombasa, kuna kitu cha kubadilisha?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Ziwa Nakuru halifai. Limo ndani ya hifadhi ya taifa, na maji yake ni ya magadi, yenye chumvi nyingi inayoyazuia mawimbi ya rimoti ya aina yoyote na kuvila vyuma vya modeli. Naivasha ni maji matamu lakini lina viboko wengi. Tafuta bwawa la kuogelea, au bwawa la shamba ambalo mwenyewe amekuruhusu na unayajua maji yake.

Mombasa ni habari nyingine. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, ilhali ya maji matamu ni kilo 1, kwa hiyo modeli inayosukuma lita 4 za maji ikiwa imezama itahitaji kuongezewa takribani gramu 100 za risasi. Isipoongezewa, tangi litajaa na modeli itakataa kushuka. Kumbuka kwamba baharini pia rimoti haitasikika chini ya maji, na kiboya cha antena nilichomweleza msomaji wa Kisumu hapo juu ndicho kitakachokufaa.

SWALI: Ninaongoza kikundi cha sayansi cha shule. Seti za kuagiza ni ghali. Je, silinda ya nyambizi inaweza kutengenezwa kwa bomba la PVC la hadiwea?
*Mwalimu, Kakamega*

JIBU: Mwalimu, inawezekana kabisa, na nimefurahi kwamba wanafunzi wataijenga kwa mikono yao. Bomba la maji machafu la inchi 4 ni imara vya kutosha kwa kina cha mita 2. Kwa kina hicho, kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10 husukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 16, hesabu ambayo wanafunzi wenyewe wanaweza kuifanya ubaoni. Kifuniko kimoja kigandishwe moja kwa moja, na cha pili kifunguke, kikiwa na pete ya mpira iliyopakwa grisi ya silikoni. Usitumie grisi ya gari, kwani baadhi ya mipira huvimba na kulainika ikikutana na mafuta ya petroli. Ukingo wa bomba usuguliwe kwa msasa laini hadi kidole kisihisi mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo mmoja uliokatiza pete ni mfereji wa maji.

Kabla ya kuweka kifaa chochote cha umeme ndani, pitisha mrija mwembamba kwenye kifuniko, zamisha silinda kwenye karai, kisha mwanafunzi mmoja apulize kwa mdomo huku wengine wakitazama mapovu yanatokea wapi.

Silinda pia isifungwe juani. Hewa iliyofungiwa ikiwa na joto la nyuzi 40, kisha ikaingizwa kwenye maji ya nyuzi 25, hupungukiwa na shinikizo kwa karibu asilimia 5, na mvuto unaopatikana ni sawa na kuiongezea silinda karibu nusu mita ya kina kabla haijazama hata kidogo. Ifungeni kivulini, na muiache ipoe majini kabla ya kukaza kifuniko kwa mara ya mwisho.

Na kama mtatumia betri za asidi zilizozibwa, zile za taa za kuchaji, msizichaji kamwe zikiwa ndani ya silinda iliyofungwa. Betri hizo huweza kutoa hidrojeni wakati wa kuchajiwa, na cheche ndogo ya swichi inatosha kuilipua. Zitoeni nje, mzichaji mahali penye hewa, na mzirudishe zikishapoa.