Laptop ya 2015: usikope kwanza

Pole dada. Laptop yako ya 2015 inachukua dakika tano kuwaka, chaji haikai, na unawaza kukopa ununue mpya? Kama bado ina HDD (diski ya zamani inayozunguka), nakili mafaili yako, kisha fundi wa Kariakoo akuwekee SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ifike GB 8. Kwa Word na Excel utashangaa. Akifungua usiende kunywa chai, simama hapo hapo. Vipuri vizima huwa vinabadilishwa kwa vibovu.

Betri ikivimba mpaka kibodi inainuka, zima laptop, usiichaji tena, mpelekee fundi.

Ila Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya Intel ya 2015 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Kama unafanyia miamala ya benki, tafuta laptop iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, yenye risiti na warantii.