Cheti cha Ukutani na Mstari Mmoja wa Ankara

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye karakana ya samani huko Thika aliniandikia, akaniambatishia picha ya cheti cha FSC, kile cha mbao za misitu inayotunzwa vizuri, kilichotundikwa katika ofisi ya muuzaji mbao. Alitaka kujua kama cheti hicho kinatosha kuthibitisha mbao atakazonunua, akauliza swali fupi: "Nikinunua kwa huyu, si nitakuwa nimemaliza?" Niliitazama picha ile kwa muda mrefu. Miaka michache iliyopita nilisimama mbele ya cheti kama hicho, katika ofisi moja ya Eneo la Viwanda hapa Nairobi, nikajijibu mwenyewe kwamba nimemaliza. Jibu hilo lilinipotezea mnunuzi mkubwa kuliko wote niliowahi kumpata.

Naandika leo nikiwa na moyo mweupe kidogo, kwa kuwa mwezi uliopita karakana yangu ya Kariobangi ilikaguliwa na mkaguzi akaondoka bila kuandika kasoro hata moja, kubwa wala ndogo. Sitaficha kwamba naona fahari. Tuko watu tisa tu, tunatengeneza vibao vya kukatia mboga, sinia na miiko ya msaji, mti ambao wengi katika soko la Gikomba huuita tiki, na sehemu kubwa ya kazi yetu huenda Ulaya. Nachukulia kwamba wewe unayesoma nawe unataka kufika huko, kwa maana anayeuza meza kando ya barabara ya Ngong hajawahi kuulizwa na mteja ubao wake ulikatwa katika msitu gani.

Kwa asiyejua, FSC ni baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu lililoanzishwa mwaka 1993, na makao yake makuu yako Bonn, Ujerumani. Hutoa kanuni, kisha kampuni huru za ukaguzi ndizo zinazokuja kukukagua na kukupa cheti. Kuna cheti cha msitu wenyewe, na kuna cheti cha mnyororo wa ukabidhi, yaani kile kinachowahusu watu wote wanaoumiliki ule mti baada ya kutoka msituni: mwenye kiwanda cha kupasua magogo, mfanyabiashara wa mbao, na fundi kama mimi. Kila anayeimiliki mbao kabla haijawa bidhaa kamili yenye nembo lazima awe na cheti chake. Akipita katikati mtu mmoja asiyenacho, mnyororo umekatika, na hauungwi tena hata kama wote waliobaki ni waadilifu kama malaika. Mwenye duka anayeuza kwa mlaji bidhaa ambayo tayari imewekwa nembo haguswi na sharti hili. Cheti hudumu miaka mitano, na kila mwaka unakaguliwa upya.

Miezi niliyotumia kuandika taratibu za karakana, kuwafundisha vijana na kutafuta ada ya ukaguzi nitairuka, kwani haina utamu wowote. Tuseme tu kwamba mwaka 2022 nilipata cheti, na mnunuzi mmoja wa Hamburg akaanza kuagiza vibao.

Kosa langu lilianzia hapo. Muuzaji wangu wa mbao alikuwa mtu tuliyefahamiana kwa zaidi ya miaka kumi. Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyotangazwa kuwa ya siku 90 na ikaendelea kwa zaidi ya miaka mitano, wengi wetu tulikosa mbao, na wafanyabiashara wakageukia Tanzania na Uganda. Yeye alinigawia mbao wakati huo hata nilipokuwa sina pesa mkononi. Alipopata cheti cha mnyororo, alikitundika nyuma ya kiti chake, nami nilifurahi kama aliyeoza binti. Kwangu mimi cheti kile kilikuwa ni yeye mwenyewe.

Katika kipindi cha miezi minane niliagiza kwake shehena tatu za msaji kutoka Tanzania, kila moja mita 3 za ujazo. Shehena ya kwanza na ya pili zilikuja na ankara zilizoandikwa namba yake ya cheti na, mbele ya maelezo ya mbao, maneno "FSC 100%", yaani tamko kwamba mbao zote zimetoka katika misitu yenye cheti. Shehena ya tatu ilikuja na ankara safi, yenye bei, kiasi na muhuri, lakini maneno yale hayakuwapo. Bei ilikuwa imeshuka. Niliiona hiyo bei. Nilitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, nikamshukuru kwa kunipunguzia, na mbao zikapangwa juu ya zile nyingine.

Mkaguzi alipokuja kwa ukaguzi wa mwaka, alikuwa mama mmoja mpole aliyekataa chai hadi kazi iishe, na ambaye hakuutazama ubao wowote kwa saa mbili za mwanzo. Aliomba daftari la stoo, ankara za kununulia na ankara za kuuzia, akaketi na kikokotoo. Hesabu yake naikumbuka hadi leo. Mbao zenye tamko la FSC kwenye ankara zilikuwa mita 6 za ujazo. Kwa kiwango nilichokiandika mwenyewe, nusu ya mbao hupotea kuwa mabanzi na maranda, hivyo zilibaki mita 3. Kibao kimoja cha sentimita 40 kwa 25 kwa 2 kina ujazo wa mita 0.002, kwa hiyo mita 3 hutoa vibao 1,500. Mimi nilikuwa nimeuza vibao 2,100 vyenye nembo. Aliinua macho akaniuliza, kwa Kiswahili chema kabisa, "Hivi 600 mama yao ni nani?"

Nilikimbilia simu. Rafiki yangu akacheka, akasema, "Mzee, mti ni ule ule, shamba ni lile lile, mbona unajisumbua?" Nikamwomba arekebishe ankara. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia kwamba zile zilitoka kwa mtu mwingine ambaye hakuwa na cheti, na kwamba hakuwahi kuniambia ni za FSC. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuniambia. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo: hakunidanganya. Kanuni zinamruhusu mwenye cheti kuweka katika yadi moja mbao zenye cheti na zisizo nacho, mradi azitenganishe na asiziuze kwa jina lisilo lake. Alinikabidhi ankara ya kweli, nami nikaisoma kwa macho ya urafiki. Bado sijui kama naruhusiwa kumkasirikia, ila namkasirikia.

Kanuni hazikuniachia nafasi ya kujificha. Ukigundua kwamba umeuza bidhaa kwa tamko lisilo lake, unaacha mara moja kuziuza kwa tamko hilo, na ndani ya siku 5 za kazi unawaandikia wateja wote walioguswa. Vibao vyangu 600 vilikuwa vimeshafika Hamburg, na vingine bila shaka vilikuwa vinakatiwa vitunguu. Niliandika barua ile usiku, karakanani, nikiwa nimewatuma vijana nyumbani. Rasimu ya kwanza ilimlaumu muuzaji. Ya pili ililaumu msimamizi wa stoo, kijana ambaye kosa lake lilikuwa kupokea mzigo uliokuwa na sahihi yangu. Ya tatu ilisema kwamba niliuza vibao 600 kwa tamko nisiloweza kulithibitisha, na kwamba kosa ni langu. Mteja alijibu kwa heshima, katika mistari minne, kwamba hataagiza tena. Sijapata kusikia kutoka kwake.

Mkaguzi alinipa miezi mitatu, kama ilivyo kwa kasoro kubwa, nirekebishe mambo la sivyo cheti kisimamishwe. Nilirekebisha. Hapakuwa na kishindo chochote: nilinunua rangi ya kijani ya kutia alama mbao za FSC, nikazitengea kona ya stoo, nikabadilisha fomu ya kupokelea mzigo.

Sasa nije kwenye ushauri, ambao kwa kweli ni mmoja tu: soma ankara. Cheti cha muuzaji kinasema kwamba kampuni yake inaweza kuuza mbao za FSC, lakini hakisemi neno lolote kuhusu mbao zilizomo kwenye lori lililosimama langoni pako. Kinachosema ni ankara, na inasema kwa mstari mmoja wenye vitu viwili, yaani namba ya cheti cha mnyororo na tamko la bidhaa. Bila mstari huo, mbao iliyokuzwa katika msitu bora kuliko yote duniani ni mbao ya kawaida mbele ya mkaguzi, na hata uapie msahafu haitabadilika. Tena tamko lisomwe neno kwa neno. Ukinunua kilichoandikwa FSC Mix, yaani mchanganyiko ambao si lazima wote utoke katika misitu yenye cheti, huwezi kukiuza kama FSC 100%, kwa sababu tamko linaweza kushuka likiwa kwako, lakini halipandi kamwe.

Kabla ya ankara, ingiza namba ya cheti katika hifadhidata ya FSC iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Utaona kama cheti ni hai, kimesimamishwa au kimefutwa, na utaona orodha ya bidhaa kinazozihusu. Nimekutana na muuzaji ambaye cheti chake kilikuwa hai kabisa, ila kilihusu karatasi, na yeye alikuwa ananiuzia mbao. Kisha urudi kwenye ankara.

Jambo jingine linalowachanganya wengi hapa kwetu ni vibali. Dereva atakuonyesha kibali cha kusafirisha mbao kutoka Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS, na risiti ya ushuru wa kaunti, akuambie kwamba hizo ndizo karatasi. Ni karatasi za lazima, uzitunze, kwani zinathibitisha kwamba mzigo umesafirishwa kihalali. Hata hivyo, uhalali ni kitu kimoja na cheti ni kingine. Sheria ya mwaka 2016 ya uhifadhi na usimamizi wa misitu haimlazimishi mtu yeyote kuwa na FSC. Ni soko ndilo linalomlazimisha.

Na soko hilo linazidi kubana. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, iliyoanza kuwa sheria Juni 2023, ingawa tarehe ya kutumika kwake imeahirishwa zaidi ya mara moja. Kanuni hiyo inamtaka mwagizaji aonyeshe majira ya ramani, yaani namba za latitudo na longitudo, ya shamba ulikokatwa mti, na kwamba shamba hilo halikufyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Vyombo vya jikoni vya mbao vimo ndani yake, yaani vibao vyangu na miiko yangu. Cheti cha FSC kinasaidia kukusanya habari hizo lakini hakichukui nafasi yake, kwa hiyo usimwambie mnunuzi wa Ulaya kwamba cheti kinatosha. Mimi naomba majira ya ramani pamoja na ankara, siku ile ile, kwa kuwa baada ya malipo hakuna muuzaji anayekumbuka shamba.

Kuna pia wale tunaopeleka mbao kukaushwa katika tanuri la jirani. Andikianeni mkataba, na mbao zako zirudi zilivyokwenda, bila kuchanganywa na za mtu. Na wenye karakana ndogo wanaolalamika kuhusu gharama wanaweza kuungana chini ya cheti kimoja cha kundi, wakagawana mzigo wa ukaguzi. Kulalamika kwenye kibanda cha chai hakujawahi kumpa mtu cheti, na ninasema hivi nikijua kwamba wengi wenu ndiyo kazi mnayoifanya.

Vijana wa siku hizi wananiambia kwamba kutakuja programu za simu na alama za kuchanganuliwa zitakazofuata gogo kutoka msituni hadi dukani. Zije. Maabara nazo zinaweza kutambua aina ya mti kwa kutazama muundo wa mbao, na hata kwa vinasaba. Lakini maabara ingevipima vibao vyangu 600 ingesema ni msaji safi, na ingesema kweli. Tatizo langu halikuwa kwenye mti. Lilikuwa kwenye kalamu, na kwenye tabia yetu ya kuona haya kumsomea rafiki karatasi yake mbele yake. Isome mbele yake. Akichukia, mpe kiti asubiri umalize.

Jumanne iliyopita lori lilifika saa kumi jioni, ankara ikiwa na tamko lakini bila namba ya cheti. Nilimzuia dereva langoni. Mvua ilinyesha, muuzaji mpya akapiga simu mara tano akiniita mkaidi, na ankara sahihi ikaja kwa pikipiki saa moja na nusu usiku. Tulipakua kwa taa za simu, tukapiga rangi ya kijani kwenye ncha za mbao zote, dereva akila mandazi yetu huku akisonya.

Basi, dada yangu wa Thika, picha ya cheti nimeiona na imepigwa vizuri. Nitumie ankara ya shehena ya mwisho uliyoinunua kwake, pande zote mbili, nami nitakusomea.