Barua kwa mwanangu: turubai za Fred Johnson

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini Wamarekani wanatundika kwenye makumbusho turubai kuukuu zilizochorwa kutangaza maonyesho ya karnivali, yale matamasha ya burudani yanayohama mji hadi mji, na kama mchoraji wake ni msanii au fundi wa mabango tu. Mtazame Fred Johnson wa Chicago (1892–1990). Alizichora kwa zaidi ya miaka 60, mingi kati ya hiyo akiwa kwenye kampuni ya mahema ya O. Henry.

Turubai hizo, nyingi za futi 8 kwa 10, zilipandishwa kwa kamba na kupangwa safu mbele ya hema la maonyesho. Mpita njia akili yake iko kwenye bembea; una sekunde chache tu za kumsimamisha. Ndiyo maana Johnson aliweka umbo moja kubwa, mstari mweusi mnene kulizunguka, na nyuma yake njano au rangi ya chungwa isiyo na mambo mengi. Pembeni liliwekwa duara lenye neno moja, HAI, yaani utakayemwona ndani yu hai. Duara hilo ni mpiga debe asiyekauka koo.

Ufundi mgumu uko kwenye rangi. Karnivali huhama kila baada ya siku chache, na turubai huviringishwa kila safari. Rangi ya mafuta ikipakwa nene hukauka ikawa gamba. Ukiviringisha linapasuka, mvua inaingia kwenye nyufa, rangi inabanduka. Lazima iwe nyepesi, iingie kwenye nyuzi. Lakini rangi nyepesi haifichi kosa, kwa hiyo mchoro wa mkaa uwe sahihi kabla brashi haijagusa kitambaa. Halafu kuna upepo: turubai hujazwa nao kama tanga, na pembe zisiposhonwa kwa kuongezwa kitambaa, huchanika hapo kwanza.

Waliooneshwa ndani mara nyingi walikuwa watu wenye ulemavu, wakitangazwa kwa maneno ya kudhalilisha. Hilo silitetei, nawe usilitetee.

Lakini jicho la Johnson liliwafundisha wengi. Wachoraji wa Chicago waliojitokeza miaka ya 1960, akiwemo Karl Wirsum, walichota kwenye turubai za namna hii ile mistari mizito na rangi zisizoona haya. Kwangu mimi Johnson ni msanii.

Ukibahatika kuiona moja, simama kwanza hatua ishirini nyuma. Kisha sogea utafute nyufa: zitakuonesha ilivyokuwa ikiviringishwa.

Baba yako