Jibu: Maandamano ya wanyonge yanabadili kitu?

Ndugu yangu, umeuliza kama wanyonge wakiandamana kupinga tamaa ya makampuni kuna linalobadilika. Lipo, wakishikilia dai moja. Kule Cochabamba, Bolivia, bei ya maji ilipopandishwa watu waliingia barabarani. Aprili 2000 mkataba wa kampuni iliyokuwa ikisambaza maji hayo ukavunjwa. Occupy Wall Street ya 2011, maandamano ya New York, Marekani, ya kupinga tamaa ya mabenki na matajiri, ilijaza watu, ila madai yalitawanyika mno (ingawa kaulimbiu yao ya "asilimia 99", yaani watu wa kawaida dhidi ya asilimia moja ya matajiri, hadi leo imo midomoni).

Hapa kwetu Tanga, mnunuzi mmoja wa pweza alikuwa akichezea mizani. Siku moja mama zetu wakakalia ndoo zao ufukweni, jua kali, pweza wameanza kulegea, na hakuna aliyeuza hata mmoja! Adhuhuri akaleta mizani nyingine, akapima mbele yao.