Mkono ulisogea, au aliusogeza?

Swali: Natafsiri ripoti ya utafiti kuhusu watu waliopooza mkono wanavyojifunza kuutumia tena. Nichague “mwendo wa hiari”, “harakati za hiari” au “mjongeo wa hiari”? Na je, “mazoezi” yanatosha kutaja kila shughuli ya mwili?

Jibu: Kwa kiungo kimoja, andika *mjongeo* (wingi *mijongeo*). *Mwendo* uuache kwa mwili mzima unaotoka hapa kwenda pale, au kwa namna mtu anavyotembea: “mwendo wake ni wa kuchechemea”. *Harakati* humpeleka msomaji kwenye pilikapilika na siasa. “Harakati ya kidole” inachekesha pasipotakiwa kicheko.

Lakini nomino si tatizo kubwa. Ripoti za namna hii huharibikia kwenye kitenzi. Tazama:

“Mgonjwa alisogeza mkono.” Ametaka, akafanya.
“Mkono ulisogea.” Hatujui kwa nini.
“Mkono ulisogezwa.” Kuna mtu mwingine, pengine mtaalamu wa viungo, aliyeushika.

Ukiandika “ulisogea” mahali pa “alisogeza”, umemnyima mgonjwa maendeleo yake yote. Jozi nyingine ni *kunja* na *kunjika*, *tikisa* na *tikisika*. Chukua mfano: mwaka 1983 Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo, na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu walikunja vidole au kifundo cha mkono wakati wowote walipojisikia. Badiliko la umeme wa ubongo lilianza takriban nusu sekunde kabla ya tendo, na hata kabla ya wakati ambao wahusika walisema ndipo walipohisi nia. Mjadala uliofuata, wa kama kweli tunaamua matendo yetu wenyewe, umesimama wote juu ya nani aliyeanzisha tendo. Andika “kifundo kilikunjika” na hakuna tena cha kujadili.

Kwa yale yasiyo ya hiari, lugha yetu ina njia ya kupendeza: kiungo ndicho kinachotenda, na mtu anakuwa mtendwa. “Jicho linanicheza.” Kope inarukaruka, mwenyewe hakuiagiza, na kile *-ni-* kidogo kimesema yote.

*Hiari* nayo ina vinyume viwili, usivichanganye. Katika ripoti yako, kinyume chake ni kinachotokea chenyewe, kama mguu kuruka unapogongwa chini ya pia ya goti: “mjongeo usio wa hiari”. Katika utafiti wa panya wanaoachiwa gurudumu wakimbie wapendavyo, kinyume ni kushurutishwa: “mbio za kulazimishwa”. Na watu waliokubali kushiriki waite “washiriki waliojitolea”, ili *hiari* ibaki na kazi moja ndani ya ripoti.

Kuhusu *mazoezi*: hapana, hayatoshi. Mazoezi hupangwa na kurudiwa kwa lengo la kujenga mwili. *Shughuli za mwili* ni kila kinachotumia misuli na nguvu, hata kufagia. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za wastani, na kutembea kwenda kazini kunahesabiwa. Dodoso likiuliza “Unafanya mazoezi?”, anayetembea dakika 30 kila siku ya kazi atajibu “hapana” kwa moyo mweupe, nawe utampoteza. Uliza hivi: “Wiki iliyopita, ukijumlisha kutembea, kubeba mizigo, kulima, kufagia na michezo, ulitumia dakika ngapi?”